Kifungo Kilichoandikwa MAIN

Nyinyi mnaonicheka kila wiki, leo kaeni chini kabisa. Nilichofanya safari hii hata mimi mwenyewe nakicheka, mkono mmoja kichwani.

Kwa yule aliyelikuta gazeti hili limefungiwa maandazi: mimi ni Subira wa Kasongo. Sokoni nauza vikwembe, nguo za kina mama za kujifunga kiunoni. Nyumbani, sebuleni kwangu, nina ordinateri, kompyuta ya mezani, nawawekea watu nyimbo kwenye simu zao. Jina nilipewa Subira. Subira yenyewe alipewa mtu mwingine.

Nina mchumba, Ayoubu, mgane wa Kabambare anayefanya biashara ya mpunga. Alikuja kuwekewa kaswida kwenye simu, akarudi kuwekewa nyingine, akarudi tena na simu ikiwa imejaa. Ni mpole mpaka unataka kumtingisha uone kama yuko macho.

Ayoubu ana mama yake, na mama yake haoni. Macho yalimwisha pole pole. Neno lake ni moja: "Mimi uso wa mutu siuoni tena. Muke wa mutoto wangu nitamujua kwa sauti."

Juma lililopita niliwaacha nikiwa nimeshika simu, jasho linanitoka. Nilikuwa nimempigia mama huyo kwa mara ya kwanza, kumshukuru kwa mchele alionitumia, nikamwambia kwa adabu zangu zote: "Mama, sipendi kukusumbua." Rezo, mtandao wa simu wa Kabambare, ikachukua "Mama, sipendi", ikakata hapo hapo.

Mama akabaki na simu sikioni. "Hapendi? Hapendi mimi? Hata hajaniona!"

Kesho yake Ayoubu akapanda mlima kutafuta rezo, akanipigia.

"Subira, Ijumaa kisha sala familia inakaa. Mama anataka kusikia sauti yako muzuri, bila kukatika. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana..."

"Akisema hapana?"

"Siwezi kumuruka mama yangu."

Nilijua hawezi. Ndiyo maana nampenda, na ndiyo maana siku ile nilitaka kumpiga.

Sasa endeleeni nami.

Nikaamua kwamba sauti yangu itafika Kabambare safi, imerekodiwa kama ya mtangazaji, ndani ya flashi, kile kijiti kidogo cha kubebea nyimbo. Kamaldine, mfanyabiashara anayeenda Uganda na kurudi, alikuwa na mixeri dukani kwake: lile sanduku la vifungo vingi linalokusanya sauti kabla ya kuzipeleka kwenye bafle, spika zangu kubwa. Akaniuzia, akanipa na mikro ya mkononi, kipaza sauti, na fungu la nyaya, akasema, "Ni rahisi, dada, utaona mwenyewe." Mtu akikwambia utaona mwenyewe, jua anakwenda zake.

Nikamwita Albertine. Albertine ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana, mwalimu wa Kifaransa, na hakuna kitu duniani ambacho hakijui. Akavaa miwani, akainama nyuma ya ordinateri.

"Iko matundu tatu. Kijani, pinki, na bluu. Weka waya ya mixeri kwa kijani. Kijani ni njia wazi."

"Nani amekuambia ordinateri iko na polisi ya barabara?"

"Weka, Subira!"

Nikaweka. Nikasema "Allo" kwenye mikro, tukarekodi, tukasikiliza. Kimya. Hata pumzi hakuna.

"Basi pinki," akasema. "Nilitaka kusema pinki tangu mwanzo."

Pinki tukapata sauti, lakini sauti gani! Ile "Allo" yangu moja ilitoka ikinguruma kama mashine ya kusaga mihogo. Nje kuku wangu wakatawanyika, na jirani akauliza kama tuko wazima.

"Mama mukwe akisikia hivyo," nikasema, "atafikiri mutoto wake anaoa simba."

Ya bluu ndiyo ilikuwa yenyewe. Sauti ikaja laini, ya kwangu kabisa, nikaipenda. Lakini nyuma yake palikuwa na nyuki: vuuuuu, bila kupumua. Tukachomoa televisheni, nyuki wako. Tukachomoa feni, nyuki wako. Tukasogeza nyaya huku na huku mpaka nikakanyaga bakuli la maharage.

Nikaona waya mmoja mwembamba unaingia nyuma ya kabati.

"Albertine, hii ni ya nani?"

"Ni simu yangu tu. Inakula moto kidogo."

"Umekuja kunisaidia ao umekuja kuchaji?"

"Vyote viwili, mwenzangu."

Nikachomoa chaja yake. Nyuki wakafa wote kwa pamoja. Albertine akasema hata hilo alikuwa analijua.

Tukafika kwenye vifungo. Kila kimoja kina jina lake, herufi ndogo nyeupe. Chini kabisa, upande wa kulia, kilikuwepo kimoja kikubwa kuliko vingine. Albertine akakigusa kwa kidole cha mwalimu.

"Soma hapa. M, A, I, N. *Main*. Kwa Kifaransa, mukono! Hiki ndicho kifungo cha mikro ya mukononi."

"Kweli?"

"Subira, mimi nafundisha hii luga. *La main*, mukono. *Les mains*, mikono. Ukitaka mikro iseme, unapandisha. Ukitaka inyamaze, unashusha."

Akakishusha mpaka chini. Nikapuliza mikro: fu! fu! Bafle kimya kabisa. Nikaimba kidogo, kimya. Nikasema watu wa kiwanda wana akili, wameuandika mpaka mkono.

Wapendwa, kishikeni hapo hicho kifungo, msikiachie.

Tukaanza. Kifungo tumekipandisha, mlango nimefunga, kuku nimefukuza, koo nimelisafisha kwa chai ya tangawizi. Ordinateri ikaanza kurekodi. Nikatoa ile sauti yangu ya juu kabatini, ya wageni.

"Salamu alekum, Mama yangu mpendwa. Ni mimi Subira, binti yako wa Kasongo. Siku ile ya simu nilitaka kusema sipendi kukusumbua, rezo ikanikata. Mchele ulionitumia niliupokea kwa mikono miwili. Niliupika, nikaula mpaka punje ya mwisho. Mungu akubariki kwa utamu ule."

Nikaendelea na salamu za wazazi, za wajomba, za mtaa mzima. Albertine akafuta chozi. Nikampa ishara, akashusha kile kifungo cha mkono.

"Ordinateri nisimamishe?" nikauliza.

"Acha irekodi, mikro si imefungwa? Tupumzike kidogo, kisha utaimba kaswida ya kumalizia. Itakuwa kitu kimoja, bila kukatika, vile mama anataka."

Akajaribu mikro tena: fu! fu! Bafle hazikujibu. Tukamimina chai.

"Kweli ule muchele ulikuwa mutamu hivyo?" akaniuliza.

"Mutamu? Albertine, ule ni muchele ao ni barabara? Mawe matupu! Nilitafuna mara moja, nikasikia jino linaniaga."

"Eh! Sasa ulifanya nini?"

"Nilipatia kuku. Na kuku walifurahi, ju kuku anapenda mawe. Jogoo mwenyewe alikula, akakuja kuniangalia muzuri kama anauliza, weye adui yako aliyekutumia hii ni nani?"

Albertine akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Nikiona mtu anacheka mimi siwezi kuacha, huo ndio ugonjwa wangu. Nikakunja mgongo, nikatoa sauti ya kizee, ya kutetemeka: "Hapendi? Hapendi mimi? Hata hajaniona!" Tukaanguka kwenye kochi sote wawili.

Kisha Albertine akauliza, "Na akikataa?"

Kicheko kikanikauka.

"Akikataa nitafanya nini? Nitabaki hapa na ordinateri yangu, niwawekee watu nyimbo za harusi yao. Namupenda yule mwanaume, Albertine. Pikipiki ikipita hapa inje, hata kama si yake, nasimama. Na mama yake namuogopa kuliko radi."

"Atakubali. Sauti yako ni muzuri."

"Ile ya kwanza ni muzuri. Sijui kama ni yangu."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Mimi uliniponza kichwa, shingo na mabega.

Tukapandisha kifungo, nikaimba kaswida, na Albertine Mkatoliki akapiga makofi kwa bidii kuliko Waislamu wote wa mtaa. Hatujamaliza vizuri, nje ikalia honi. Ni Fidèle, kijana wa pikipiki, anaondoka kwenda Kabambare.

Tukasikiliza mwanzo: safi kama maji ya chemchemi. Tukasikiliza mwisho: kaswida inapendeza. Honi ikalia tena. Nikatia kwenye flashi, nikaifunga katika kitambaa cheupe, nikamkabidhi.

"Fidèle, hii ni maisha yangu. Ijumaa kisha sala, iwe imefika."

"Itafika, Yaya Subira." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Hata pikipiki ikikufa."

"Hata mimi nikikufa," akasema, akapiga teke, akaondoka. Kijana mwaminifu yule. Laiti angekuwa mhuni kidogo!

Asubuhi yake nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikasema ngoja nijisikilize huku naosha vyombo. Nikaiwasha kule sebuleni, nikarudi nyuma ya nyumba na sufuria zangu. Salamu zikapita, nikajisifu. Kisha nikasikia mwanamke anacheka sebuleni kwangu, kicheko kibaya, cha mtu asiye na kwao.

Nikachukua mwiko nikamfukuze.

Sebuleni hapakuwa na mtu. Bafle ndizo zilikuwa zinasema: "...ni muchele ao ni barabara? Mawe matupu!"

Mwiko ukanianguka. Nikakaa chini sakafuni, nikasikiliza kila kitu. Kuku. Jogoo. Sauti ya kizee. Hata chai ya Albertine ikitoka puani ilisikika vizuri, maana nyuki tulikuwa tumewaua.

Nikampigia Fidèle, simu imezimwa. Nikampigia Ayoubu, rezo hakuna. Nikampigia Kamaldine, akaja na pikipiki yake kabla sijamaliza kumtukana.

"Umeniuzia mixeri gani? Nimefunga mukono na bado inarekodi!"

"Mukono gani?"

Nikamwonyesha kifungo. Akakitazama, akanitazama mimi, akashika ukuta akacheka.

"Dada, nani amekuambia hiki ni Kifaransa? Iko Kiingereza! Kwa Kiingereza *main* ni ile kubwa, mukubwa wa wote. Kifungo hiki kinafunga bafle tu. Waya ya ordinateri inatokea tundu lingine, inapita njia yake. Ulifunga masikio yako, mudomo ukabaki wazi."

Albertine, niliyekuwa nimemwita kwa kelele, alikuwa amesimama mlangoni. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana.

"Wangeandika ni luga gani," akasema.

"Kamaldine," nikasema, "wewe ndiye umeuza, wewe ndiye utanipeleka. Twende tumukamate Fidèle."

"Kabambare? Na barabara hii?"

"Nitakulipa ao nitakulaani, chagua."

Akachagua kulipwa.

Barabara hiyo sitawasimulia, wengine mnakula. Nilishuka kwenye matope, nikapanda, nikashuka, nikasukuma. Ndala moja ilibaki katika dimbwi na sikurudi kuichukua. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama yule, na kila shimo likanitikisa nikayasahau.

Alasiri tukaingia Wamaza, kijiji cha njiani. Na nani amekaa kando ya njia, mikono myeusi kwa grisi, mnyororo wa pikipiki umelala mbele yake? Fidèle!

Niliruka kabla pikipiki haijasimama.

"Flashi iko wapi?"

"Iko hapa, Yaya, usiogope!" Akaitoa mfukoni, bado imefungwa katika kitambaa changu cheupe. "Mnyororo ulikatika jana magaribi. Lakini flashi sikuiachilia."

Nikaikumbatia flashi ile. Nikamkumbatia na Fidèle, grisi na yote. Nikaifunga kwenye pindo la kikwembe changu, fundo juu ya fundo, nikapiga kelele: "Al-hamdulilahi! Mungu wangu, umeniponyesha!"

Kando yetu palikuwa na kibanda cha chai, na bafle moja imetundikwa mlangoni. Mama aliyekuwa anamimina chai akasimama ghafla, birika hewani.

"Sauti hiyo," akasema. "Semeni tena, Mama."

"Niseme nini?"

"Ni yeye! Wallahi ni yeye! Mama wa kuku!"

Kibanda kizima kikalipuka. Wanaume wenye mihogo mdomoni, wanawake wenye mizigo kichwani, wote wakanigeukia. Mmoja akakunja mgongo na kusema kwa sauti ya kizee: "Hapendi? Hapendi mimi?"

Nikamgeukia Fidèle. Alikuwa anatazama mnyororo wake kwa upendo mkubwa.

"Fidèle."

"Yaya, nisikilize pole pole. Ulisema ifike Ijumaa, hata pikipiki ikikufa. Sasa pikipiki imekufa. Iliasi wa Kabambare akapita hapa asubuhi, iko na simu kubwa. Nikasema, flashi nibaki nayo, maana ni maisha ya Yaya, lakini sauti iende mbele. Tukaitia kwa simu ya Iliasi hapa kibandani. Ndiyo tukasikiliza kidogo, tujue kama imeingia."

"Mulisikiliza kidogo?"

"Mupaka mwisho," akasema kwa sauti ndogo. "Halafu watu wakaomba irudishwe."

"Na Iliasi?"

"Ameshafika Kabambare, Yaya. Ni dereva mwepesi."

Basi. Flashi ninayo, imefungwa fundo juu ya fundo, na sauti yangu imenitangulia. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimeshika kikombe kitupu nakishukuru.

Nikakaa kwenye benchi nikalia. Nalisema wazi, nililia kwa makelele, kamasi na yote.

Mama wa kibanda, Marie-Thérèse jina lake, akaniletea chai na muhogo wa moto. Akakaa karibu yangu.

"Dada, nikuambie kitu? Ile sehemu yako ya kwanza, watu walikuwa wanaongea tu, hakuna aliyesikiliza. Ya pili, tulinyamaza wote. Pale ulisema unasimama kila pikipiki ikipita, mimi nilisimama kweli, nikaacha chai imwagike."

"Lakini nimemutukana mama wa watu."

"Umetukana muchele. Rudi Kasongo, utakuwa mwoga. Enda Kabambare, utakuwa mukosefu. Mukosefu anasamehewa."

Kamaldine akasema yeye angependa turudi, kwa ajili ya matairi. Hakuna aliyemjibu. Nikalala kwa Marie-Thérèse, asubuhi akanipa ndala zake mwenyewe, tukaondoka.

Ijumaa tuliingia Kabambare watu wakiwa wametoka msikitini. Nyumba ya kina Ayoubu sikuhitaji kuiulizia. Viatu vilikuwa vingi mlangoni kuliko sokoni. Na kutoka ndani ya uwanja, kupitia bafle, nikamsikia mtu anaimba kaswida.

Ni mimi. Na Albertine anapiga makofi.

Nikaelewa. Kama kaswida imefika, kuku wameshapita.

Kaswida ikaisha. Kamaldine akanong'ona, "Dada, pikipiki bado iko moto." Nikavua ndala za Marie-Thérèse, nikaingia.

Wazee kwenye mikeka upande huu, wanawake upande ule. Iliasi amekaa kando ya bafle, simu mkononi, uso wa mtu aliyeleta barua ya msiba. Ayoubu amesimama nyuma ya kiti cha mama yake. Aliponiona akashika kiti kwa mikono miwili.

Na mama mwenyewe: mdogo, amejitanda nguo ya kijani, mikono miwili juu ya fimbo. Akainua kichwa kufuata hatua zangu.

"Nani?"

"Jambo, Mama. Ni mimi, Subira."

"Subira yupi?"

Nikasogea hatua moja.

"Ndani ya ile kitu nimesikia Subira wawili," akasema pole pole. "Moja amekula muchele wangu mupaka punje ya mwisho. Mwingine amepatia kuku. Sasa yupi amekuja?"

Mzee mmoja akajikohoza. Nikapiga magoti.

"Mama..."

"Ngoja. Usijibu na tumbo tupu." Akageuka upande wa wanawake. "Asma! Muletee mugeni chakula."

Asma, dada yake Ayoubu, akaja na sahani ya wali na samaki, akaja na birika la kuninawisha. Aliponiinamia kunimiminia maji, midomo yake ikafika sikioni kwangu.

"Ni muchele ule ule," akanong'ona. "Alichagua yeye mwenyewe, kwa vidole, siku nzima. Tulitaka kumusaidia, akatukataza. Akasema, ni wa mukwe wangu, acheni nifanye na mikono yangu."

Ndugu zangu, maji yalikuwa yananimwagikia mikononi na mimi siyasikii. Nilimwona mama yule amekaa na ungo, anapapasa punje moja moja gizani, ananitafutia mawe asiyoyaona. Na mimi nimekaa kochini Kasongo nacheka mpaka nalia. Nikatamani ardhi inimeze pamoja na birika.

"Kula, mwanangu," mama akasema. "Mimi sioni, lakini masikio yangu ni mazima. Nitasikia."

Nikafinyanga tonge, nikalitia mdomoni. Nikaomba Mungu wa Kasongo na wa Kabambare, nikaanza kutafuna taratibu, upande wa jino zima. Laini. Tamu. Nikaanza kuamini.

*Kwaa!*

Hata kuku waliokuwa uani waliinua vichwa.

Mama akainamisha sikio.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

Nikisema si kitu, basi aliyekuja ni yule wa kwanza, mwongo wa sauti nzuri, na atanijua hapo hapo. Nikisema ni jiwe, nimemwambia mbele ya wazee wote kwamba mikono yake haijafanya kitu. Jiwe liko chini ya ulimi wangu, na machozi yako njiani.

Nikamtazama Ayoubu nyuma ya kiti. Na yeye, mpole wangu yule, mara hii hakuwa amelala. Alinitazama machoni, akainua mkono wake juu polepole, kiganja wazi, akauacha pale.

Mkono! Na mimi tangu juzi sijui mkono kazi yake ni nini, kufungua au kufunga.

"Subira," mama akasema, "niko nangoja."

Nikafungua mdomo. Kilichotoka humo, wapendwa, mtakisikia juma lijalo.